Nobel ya Kinga Haikuhusu Kuongeza Kinga

Tangu itangazwe Nobel ya tiba ya mwaka 2025, pale tarehe 6 Oktoba, kuna post inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kigoma na haielekei kupumzika. Inasema wanasayansi watatu wamegundua siri ya kuongeza kinga ya mwili, ukishuka chini kidogo unakuta picha ya chupa ya kahawia na namba ya kuagizia, mzigo unafika mpaka Kasulu na Kibondo. Soko la Mwanga nako kuna jamaa na spika yake, yeye hana habari na Nobel ila wimbo ni ule ule, kinga yako ipo chini, ipandishe. Sasa tuelewane mapema. Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walipewa tuzo kwa kuonyesha kwamba mwili una seli ambazo kazi yake ni kuituliza kinga isijigeuze ikamla mwenyewe, yaani karibu kinyume kabisa na hiyo post. Na hoja yangu ni kwamba hili kosa sio dogo, maana linatokana na wazo tulilokariri wote, kwamba kinga ni kitu kimoja kinachopanda na kushuka kama maji kwenye tenki. Kinachoamua mtu apone au aumie mara nyingi ni AINA ya kinga ambayo mwili umechagua, na wachaguzi ni zile zile seli za CD4 tunazozisikia kila siku.

CD4 hapa kwetu hakuna asiyezijua, shukrani kwa kliniki za CTC, zile za huduma na matibabu ya VVU. Mtu anatoka kupima anasema zangu zimefika mia nne, mwenzake anasema zangu zilikuwa themanini sasa naona zinapanda. Tumezijua kama namba. Wachache wameambiwa kwamba hizo ni seli T saidizi, kwamba zenyewe haziui mdudu kwa mikono yake, kazi yake ni kuziagiza seli nyingine zifanye nini, na kwamba sio zote zinaagiza kitu kimoja. Inavyokwenda ni hivi: mdudu akiingia kwenye ngozi au mapafu, kuna seli zinaitwa dendritiki zinamchukua kipande, zinasafiri nacho mpaka kwenye tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kinenani unasema umeota mtoki, na huko zinamwonyesha CD4 ambayo bado haijapangiwa kazi. Lakini hazionyeshi kipande tu, zinatoa na kemikali za kupeana taarifa, saitokaini, na mchanganyiko wa hizo saitokaini ndio unaipangia hiyo CD4 maisha yake yote au karibu yote.

Ikikutana na intalukini ya 12, moja ya hizo saitokaini, inakuwa aina inayoitwa Th1, inaanza kumwaga saitokaini nyingine, intaferoni gama, na makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu, zikipata hiyo intaferoni zinapata nguvu ya kuua vijidudu vinavyojificha ndani yake, TB ikiwemo. Ikikutana na intalukini ya 4 inakuwa Th2, hiyo inaita eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, inafanya antibodi (protini za kinga zinazonasa wavamizi) za aina ya IgE zitengenezwe, utumbo unatoa ute na kusukuma, ndio namna ya kupambana na minyoo. Th17 zinashughulika na fangasi na bakteria wa nje ya seli, zinaita nyutrofili, seli nyeupe nyingine, na wale wanaozaliwa na kasoro kwenye njia hii utawakuta wanasumbuliwa na utando mweupe mdomoni usioisha. Kuna nyingine zinabaki kule kule kwenye tezi kuzisaidia seli B zitengeneze antibodi bora, hizo ndizo chanjo nyingi zinazitegemea. Halafu kuna za kutuliza, za akina Sakaguchi. Mgawanyo wa Th1 na Th2 walianza nao Mosmann na Coffman mwaka 1986 kwa seli za panya, Th17 zikaja kutambuliwa rasmi kama kundi lake 2005. Majina hayana mvuto, najua. Kitu cha kushika ni kwamba Th1 na Th2 zinabanana, saitokaini za upande mmoja zinazuia upande wa pili usikue, kwa hiyo ukisema "pandisha kinga" bila kusema ipi unaweza kuwa unashusha ile iliyokuwa inahitajika. Ni sawa na mtu kubeba majarife matatu, zile nyavu za matundu makubwa, kwenda kuvua dagaa, nyavu anazo tele ila asubuhi anarudi mtumbwi mtupu.

Ugonjwa unaoonyesha hili waziwazi kuliko yote ni ukoma, na nashangaa kwa nini hautajwi kabisa kwenye haya mabishano. Bakteria ni yule yule mmoja, lakini watu wawili wakiambukizwa wanaweza kuumwa kana kwamba wana magonjwa mawili tofauti. Wa kwanza anapata mabaka machache, ukiyagusa na pamba hasikii, ukichukua kipimo cha ngozi bakteria huwaoni au ni wachache mno. Wa pili uso unajaa vinundu, nyusi zinanyonyoka, na bakteria kwenye ngozi yake ni wa kumwaga. Ridley na Jopling waliupanga huu mfululizo mwaka 1966, na mwaka 1991 watafiti walipopima saitokaini kwenye vidonda vyenyewe wakakuta wa kwanza amejaa zile za upande wa Th1 na wa pili amejaa za upande wa Th2. Na huyo wa pili sio kwamba hana kinga! Ana antibodi nyingi tu, pengine kumshinda mwenzake, ila bakteria wa ukoma anaishi ndani ya seli na antibodi haingii humo, kwa hiyo zinazunguka kwenye damu bila faida. Ukimpima kwa wingi ungesema huyu kinga yake iko juu.

Kuna na upande wa pili wa hiyo hiyo stori ambao ndio unaomaliza kabisa biashara ya chupa ya kahawia. Mgonjwa wa ukoma akiwa kwenye dawa, au hata baada ya kumaliza, kinga ya aina ya Th1 inaweza kuamka ghafla. Manesi wanaita reaksheni. Mabaka yanavimba na kuwa mekundu, mishipa ya fahamu inauma, na ndani ya siku chache mkono unaweza kulegea ukabaki umekunjika vidole au mguu ukawa unaburuzwa, kwa sababu kinga inashambulia bakteria walioko ndani ya mishipa na mishipa yenyewe inaumia. Na dawa anayopewa hapo haraka haraka ni prednisolone, dawa ya KUSHUSHA kinga. Kwa hiyo mgonjwa huyo huyo, bakteria huyo huyo, mwezi huu alihitaji Th1 zaidi, mwezi ujao Th1 ikizidi inamlemaza.

Tuje kwenye ziwa letu. Kichocho cha tumbo kipo Ziwa Tanganyika, kule Gombe walishakikuta mpaka kwa nyani, na shuleni kila mzazi anakijua kile kijiti cha kingatiba, mtoto anasimamishwa akiwa ameshakula uji, mwalimu anaangalia kimo chake kimefikia alama gani na hiyo alama ndiyo idadi ya vidonge vya praziquantel, kuanzia sentimita 94 kidonge kimoja mpaka mtu mzima mrefu vitano. Sasa ndani ya mwili kichocho kinafanya kitu cha ajabu. Wiki za kwanza minyoo ikiwa bado inakua kinga inaegemea Th1. Minyoo ikishaanza kutaga, kwenye wiki ya tano au ya sita hivi, mwili unageuka kuelekea Th2, kwa sababu ya mayai. Mayai mengine yanatoka na choo lakini mengine yanabebwa na damu yanakwama kwenye ini, na kila yai linazungushiwa seli za kinga. Th2 inatoa intalukini ya 13, hiyo inachochea makovu, na baada ya miaka mingi wachache miongoni mwa walioambukizwa ini linajaa makovu, damu inashindwa kupita, tumbo linajaa maji, bandama inavimba, mtu anatapika damu na mtaani wanasema katupiwa kitu. Minyoo haikula ini. Makovu yametengenezwa na kinga yake mwenyewe.

Ungedhani basi dawa ni kuizima hiyo Th2. Walijaribu kwa panya ambao hawawezi kutumia intalukini ya 4, na panya wale walikufa mapema zaidi, utumbo na ini vikaharibika vibaya, kwa sababu bila ile seng'enge ya Th2 sumu za mayai na bakteria wa utumbo vinamwagika ovyo na Th1 inachachamaa. Kwa hiyo hiyo hiyo Th2 ndiyo inakuokoa mwaka huu na ndiyo inakuumiza baada ya miaka ishirini, na namna pekee ya kutoka kwenye huo mtego ni kuondoa minyoo mapema kabla mayai hayajarundikana. Watoto wadogo chini ya alama ya kwanza ya kijiti walikuwa wanaachwa kwenye hesabu, na ndio maana toleo la praziquantel la watoto, arpraziquantel, lililopata maoni mazuri ya mamlaka ya dawa ya Ulaya Desemba 2023 kwa watoto kuanzia miezi mitatu mpaka miaka sita, kwangu ni habari kubwa kwa Ujiji na Kibirizi kuliko chupa zote za sokoni.

Niwatendee haki na wenzangu wa "pandisha kinga", maana wana hoja moja nzito. Wanasema, mbona mtu mwenye VVU CD4 zikishuka anaumwa kila kitu, na zikipanda anarudi shambani? Ni kweli kabisa. Seli zikiisha hakuna wa kuagiza, aina haina maana tena. Vivyo hivyo mtoto mwenye utapiamlo, mtoto mwenye upungufu wa vitamini A, mtoto anayeharisha akapewa zinki pamoja na ORS, hao wote wanasaidika kwa kujaziwa kilichopungua na hakuna mjadala. Na vitamini A sisi watu wa Kigoma ndio wa mwisho kuhangaika nayo bana, mawese mekundu ambayo hayajachemshwa mpaka rangi ikapotea yana ile karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na dumu zima lipo hapo sokoni. Lakini kujazia kilichopungua na kumwongezea mtu ambaye hana upungufu ni vitu viwili, na matangazo yote yanaanzia kwa mgonjwa wa kwanza yanaishia kumuuzia wa pili.

Upande mwingine kuna kundi linaloenda kule kabisa, la wasomi wasomi, wanasema basi kama minyoo inatuliza kinga na Wazungu wanaugua aleji kwa sababu hawana minyoo, tuiache. Hii nayo sio ya kupuuza moja kwa moja. Utafiti wa Gabon uliotoka mwaka 2000 ulikuta watoto wenye kichocho cha mkojo ngozi zao zinaitikia kidogo vumbi la nyumbani, na ulihusisha hilo na intalukini ya 10 ambayo inatuliza. Entebbe, Uganda, wajawazito waliopewa albendazole, dawa ya minyoo, watoto wao walipata ukurutu zaidi, hiyo ilichapishwa 2011. Mpaka hapo wako sawa. Lakini visiwa vya Koome kule Ziwa Victoria walilinganisha vijiji vilivyopewa dawa za minyoo mara nyingi na vilivyopewa kwa kawaida, miaka mitatu, matokeo yakatoka 2019, na hakukuwa na tofauti kwenye aleji. Na Uingereza walipowaambukiza watu wa pumu mabuu ya safura kwa makusudi, hawakupata nafuu ya maana. Kwa hiyo nikipima pande zote naona ushahidi wa mtoto kuharibika ini na kukosa damu kwa minyoo ni mzito, ushahidi wa kwamba kingatiba italeta wimbi la pumu ni mwepesi, vidonge viendelee. Labda pale kwa wajawazito ndio pa kuangalia kwa makini zaidi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema kinga haiwezi kuzidi, eti mwili unachukua unachotaka unaacha kingine, na ndugu yake inayosema mtoto ana pumu au ukurutu kwa sababu kinga yake ni ndogo. Pumu ya aleji mara nyingi ni Th2 inayofanya kazi ya minyoo mahali ambapo hakuna mnyoo, mapafu yanajaa ute na kubana, na dawa ya kuvuta inayomsaidia ina steroidi ndani yake, inatuliza. Ukifanikiwa kweli kumwongezea huyo mtoto kinga umemwongezea ugonjwa. Na kuhusu kuzidi, watoto wa kiume wanaozaliwa na gini ya FOXP3 iliyoharibika, ile ambayo akina Brunkow na Ramsdell waliifuatilia mpaka wakaieleza mwaka 2001, hawana seli za kutuliza. Wanapata kisukari wakiwa wachanga, wanaharisha bila kukoma, ngozi inawaka, na bila matibabu makubwa wengi hufa mapema. Hao ndio watu wenye kinga iliyopanda bila mtu wa kuizuia. (Ramsdell mwenyewe siku anatafutwa na watu wa Nobel alikuwa matembezini milimani hapatikani kwenye simu, raha ilioje.)

Kama hiyo haitoshi kuna London, Machi 2006. Vijana sita wenye afya njema walipewa dozi ndogo ya dawa ya majaribio iitwayo TGN1412, dawa iliyotengenezwa kuamsha seli T moja kwa moja bila kungoja ishara za kawaida, na tena waliotengeneza walitarajia iamshe zaidi zile za kutuliza. Haikupita hata saa mbili wakaanza kichwa, homa, kutapika, wote sita wakaishia ICU viungo vinagoma. Walinusurika, mmoja akapoteza vidole. Hiyo ndiyo sura ya kupandisha kinga kwa kweli, na kwa mtazamo huo nafuu kubwa ya chupa za sokoni ni kwamba nyingi hazipandishi chochote.

Hata chanjo zilipitia somo hili kwa uchungu. Marekani mwaka 1966 na 1967 walijaribu chanjo ya kirusi cha RSV, kinachosumbua vifua vya watoto, iliyotengenezwa kwa kukiua kirusi kwa formalini. Antibodi zilipanda. Lakini watoto waliochanjwa walipokutana na kirusi chenyewe, asilimia 80 ya walioambukizwa walilazwa, wakati wasiochanjwa ilikuwa asilimia 5, na wawili walifariki. Uchunguzi wa baadaye kwa wanyama ulionyesha kinga iliyojengwa ilikuwa imeegemea Th2, na antibodi zenyewe hazikuwa za kukizima kirusi vizuri. Naiandika nikijua kuna watakaoikata wakaitumia kuwatisha kina mama wasipeleke watoto kliniki, kwa hiyo nimalizie sentensi: ni kwa sababu ya watoto wale ndio chanjo za RSV zilizokuja kuidhinishwa 2023 zilijengwa tofauti, na ndio aina ya kinga ikaanza kupimwa pamoja na wingi wake.

Ila hata sisi tunaosema "aina, aina" tusijifanye tumemaliza. Kwa TB kila kitabu kinasema unahitaji Th1. Basi Afrika Kusini wakajaribu chanjo ya MVA85A kwa watoto wachanga 2,797 waliokuwa wameshapata BCG, ile chanjo ya TB ya zamani, CD4 za aina ya Th1 zikapanda kama walivyotaka, na matokeo yalipotoka 2013 haikuwalinda watoto kwa kiasi cha kuhesabika. Karonga, Malawi, dozi ya pili ya BCG ilipunguza ukoma kama nusu lakini TB ya mapafu haikuguswa, wakati bakteria ni ndugu. Yaani hata ukipata aina sahihi bado kuna ishu ya seli hizo zipo wapi, zinaingia kwenye pafu au zinabaki kwenye damu, zinashirikiana na nani, na seli za binadamu zinachanganya tabia, unakuta moja inatoa saitokaini za makundi mawili. Ule mgawanyo wa 1986 ulikuwa wa panya wa maabara na umetusaidia sana, ila sio sheria.

Ukikubali haya, kuna mambo yanabadilika hapa hapa mtaani. La kwanza ni maswali kwa muuzaji. Akisema inaongeza kinga, muulize ipi, na je mwenye pumu, mwenye baridi yabisi, aliyewekewa figo anayekunywa dawa za kushusha kinga kila siku maisha yake yote, nao watumie? Akijibu ndio kwa wote hana anachokijua. TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala wanasajili bidhaa, na mimi naona neno "kuongeza kinga" kwenye lebo lingepaswa kutolewa ushahidi kama linavyotolewa neno "inatibu malaria", kwa sababu ni dai la kitabibu, lakini kwa sasa linapita kama salamu.

La pili ni zito zaidi na linahusu CTC. Mtu anaanza ARV akiwa na CD4 chache sana, wiki ya pili au ya tatu anazidiwa, tezi za shingo zinavimba, homa, TB iliyokuwa imenyamaza inalipuka, na nyumbani wanasema dawa ndizo zinamuua. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba CD4 zimerudi na zimekuta mzigo wa vijidudu zikaanza vita kwa pupa. Kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi wa kriptokoka hatari hii ni kubwa kiasi kwamba utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa 2014 ulikuta walioanza ARV ndani ya wiki mbili za mwanzo walikufa asilimia 45 katika miezi sita, na waliosubirishwa kama wiki tano asilimia 30. Ni madaktari wanaopanga kusubiri huko, kwa ugonjwa huo, sio mgonjwa kujiamulia. Kwa wengine walio wengi kuchelewa ARV ndiko kunakoua. Nimekaa kwenye mabenchi ya kusubiri na ndugu zangu mara kadhaa, ushauri wa kuanza dawa unafundisha vizuri kunywa kwa wakati, unafundisha vizuri namba ya CD4 na wingi wa virusi, lakini kwamba namba ikianza kupanda unaweza kuumwa kwanza, hilo sijalisikia likisemwa. Aambiwe siku ile ile anapokabidhiwa kopo la kwanza, na ndugu aliyemsindikiza naye awepo asikie: tezi zikivimba au homa ikipanda wiki za mwanzo usiache dawa, usikimbilie chupa, rudi kliniki siku hiyo hiyo, wana prednisolone na wanajua cha kufanya.